Kitanda cha hospitali kinachopanda na kushuka: gharama imejificha wapi?

Kitanda kimoja cha wodini kinadaiwa vimo vitatu ndani ya siku moja. Muuguzi anayefunga kidonda au kumgeuza mgonjwa anataka godoro liwe usawa wa kiuno chake, la sivyo anafanya kazi ameinama. Mgonjwa anayetaka kwenda msalani anahitaji kuketi ukingoni huku nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, yaani godoro lishuke hadi karibu na usawa wa goti. Na usiku, kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa anayeweza kuporomoka, godoro likiwa chini zaidi ya hapo ni heri. Kitanda cha kimo kimoja hakiwezi kuyatimiza yote, kwa hiyo mtengenezaji hukiweka katikati, mahali ambapo hakuna anayeridhika: mgonjwa mfupi miguu inaning'inia, muuguzi mrefu mgongo unauma.

Suala la mgongo si la kudeka. Mwaka 2007 Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, alipendekeza kwamba mhudumu asimwinue mgonjwa kwa mikono pale uzito unaomwangukia unapozidi kilo 16 hivi. Hapo ni katika mazingira mazuri, mzigo ukiwa karibu na mwili. Mguu mmoja tu wa mtu mwenye kilo 100 unafika kiwango hicho. Ukiongezea kuinama na kunyoosha mikono, kiwango salama kinashuka tena.

Wazo la kitanda chenye sehemu zinazosogea si jipya. Mwaka 1909 daktari mpasuaji wa Marekani, Willis Gatch, alitoa kitanda kilichogawanywa vipande ili mgongo na magoti ya mgonjwa yainuliwe kwa hendeli. Hicho kilikunja mwili wa mgonjwa. Kubadilisha kimo cha kitanda kizima ni kazi nyingine. Uingereza, katika miaka ya 1960, shirika la King's Fund liliunda jopo la kutafuta kitanda kimoja cha kawaida kwa hospitali zote, na usanifu wake ukafanywa na kundi la Bruce Archer wa Royal College of Art. Kilichotoka kilikuwa kitanda kinachopanda kwa kukanyaga pedali. Kuna somo la bei ndani ya kisa hicho ambalo wabunifu wengi hulipita: bei haishuki kwa uhodari wa fundi peke yake, inashuka pia wanunuzi wanapokubaliana kununua kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo mambo yanapoanza kufunguka.

Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya tiba, IEC 60601-2-52, kinaanzia na mzigo salama wa kilo 170 hivi: mgonjwa 135, godoro 20, na vikorokoro vingine 15. Ongeza fremu yenyewe inayopanda pamoja na mgonjwa, tuseme kilo 80, unapata kilo 250. Kuinua kilo 250 kwa sentimita 40 kunahitaji nishati ya takriban juli 1,000. Hicho ni kidogo sana. Mtu wa kawaida anayezungusha hendeli bila kujitesa hutoa wati 50 hivi, kwa hiyo kama nguvu yake yote ingefika kwenye mzigo, kazi ingekwisha kwa sekunde 20. Mota ndogo ingeimaliza upesi zaidi.

Basi kwa nini vitanda vinavyopanda ni ghali, na kwa nini vile vya bei nafuu vinachosha hadi watu wanaacha kuvitumia? Kuna sababu mbili kubwa, na zote ni za kimakanika: mzigo hauruhusiwi kuanguka, na sentimita za chini kabisa ndizo ngumu kuliko zote.

Tuanze na kuanguka. Njia rahisi ya kuhakikisha kitanda hakishuki chenyewe ni kutumia skrubu yenye meno yaliyolala kiasi kwamba msuguano wenyewe unaizuia kurudi nyuma. Ukiachia hendeli katikati, kitanda kinabaki hapo hapo, bila breki wala kufuli. Ni usalama wa bure, ila si wa bure kabisa. Fizikia inasema skrubu inayojizuia yenyewe lazima iwe na ufanisi ulio chini ya asilimia 50; msuguano uleule unaoishikilia ndio unaokula nguvu zako unapopandisha. Skrubu za kawaida za namna hii zikiwa na vumbi na grisi iliyokauka hukaa kwenye asilimia 30 hivi.

Weka tarakimu. Skrubu inayosogea milimita 6 kwa kila mzunguko inahitaji mizunguko 67 kumaliza sentimita 40. Kwa mzigo wa kilo 250 na ufanisi wa asilimia 30, kila mzunguko unadai juli 50 hivi, ambazo kwenye hendeli yenye mkono wa sentimita 16 ni msukumo wa nyutoni 50, sawa na kushikilia kilo 5. Si mzigo mkubwa. Lakini mizunguko 67, umechuchumaa mguuni pa kitanda, na wagonjwa wengine wanakusubiri? Muuguzi ataifanya siku ya kwanza. Baada ya wiki hendeli itakuwa imekunjwa chini ya fremu na hakuna anayeigusa, isipokuwa muundi wa mpita njia pale ilipoachwa imechomoza.

Hii ndiyo hoja ninayoiona muhimu kuliko bei ya chuma: kitanda kinachochosha kukipandisha ni kitanda cha kimo kimoja kilichouzwa kwa bei ya vimo vingi. Kwa hiyo unafuu haupimwi kwa gharama ya kiwandani tu, unapimwa kwa gharama ya kila mara kimo kinapobadilishwa kweli.

Unaweza kupunguza mizunguko kwa kutumia skrubu ya gololi, ambayo mzigo wake unabingirika badala ya kusugua na ufanisi unafika asilimia 90. Kwa msukumo uleule wa mkono, mizunguko inashuka hadi 22 hivi. Tatizo ni kwamba ukiachia hendeli, kitanda kinajirudisha chini chenyewe na hendeli inageuka kuwa kipigo. Itabidi uongeze breki, na breki ni kifaa kingine cha kununua, kurekebisha na kuharibika. Ndiyo maana siwalaumu wabunifu wanaobaki na skrubu ya kawaida. Nawalaumu wanaobaki nayo bila kupunguza mzigo kwanza.

Kupunguza mzigo kunawezekana, na kwa bei ndogo. Fremu na godoro zipo siku zote, awepo mgonjwa au asiwepo. Hizo ni kilo 100 ambazo muuguzi hana sababu ya kuzipandisha kila mara. Springi zikiwekwa kubeba uzito huo pamoja na sehemu ya uzito wa mgonjwa, tuseme jumla ya kilo 120, kazi ya mkono inapungua karibu nusu, na hapo unaweza kuchagua skrubu yenye hatua ndefu zaidi na kupunguza mizunguko. Kitanda kikiwa kitupu springi zitataka kukirusha juu, lakini skrubu inayojizuia inakishika pande zote mbili, kwa hiyo vitu viwili vya bei rahisi vinafunikiana udhaifu. Springi za gesi zinakaa vizuri katika nafasi ndogo, ila huvuja taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Springi za chuma cha kusokotwa hazina cha kuvuja. Ningeanza na hizo. Sharti moja tu: lazima kuwe na pini ya kuzifunga kabla fundi hajafungua bolti yoyote, kwa sababu springi iliyobanwa inaweza kumvunja mkono.

Sababu ya pili, ugumu wa sentimita za chini unaotokana na umbo la kiinuaji, ni tamu zaidi kwa anayependa jometri. Chukua mfumo wa mkasi: mikono miwili iliyopishana katikati, kitako cha mmoja kimeshikwa na cha mwingine kinateleza. Ukisukuma kitako kinachoteleza kwa mlalo, msukumo unaohitajika ni uzito wa mzigo ukigawanywa kwa tanjenti ya pembe ya mkono. Kwa kilo 250, mkono ukiwa nyuzi 45, unahitaji nyutoni 2,450, yaani sawasawa na uzito wenyewe. Ukiwa nyuzi 20, unahitaji 6,700. Ukilala hadi nyuzi 10, unahitaji karibu 14,000, ambao ni kama msukumo wa tani moja na nusu.

Nishati yote kwa jumla haijabadilika, ni juli zilezile 1,000. Kilichobadilika ni kwamba skrubu, nati, pini, mabano na mishono ya kuchomelea vyote lazima vivumilie tani moja na nusu ili kitanda kianze tu kunyanyuka. Kwa mkono wa sentimita 90, kutoka nyuzi 10 hadi 20 ni sentimita 15 tu za kimo. Ukizikubali kuzikosa sentimita hizo, nguvu ya juu kabisa inashuka chini ya nusu, na karibu kila sehemu inaweza kuwa nyembamba zaidi. Mteja anapoandika kwenye oda "kishuke iwezekanavyo", hajui kwamba ameandika bei.

Zipo njia za kukwepa kidogo. Badala ya kusukuma kwa mlalo, silinda inaweza kuwekwa mshazari ikasukuma mkono kutoka chini, au mkono ukaongezewa bawa fupi linalogeuza msukumo wa mlalo kuwa mzunguko. Mfumo wa msambamba, ambao mikono miwili inayolingana inabembea upande mmoja, unatumia bawa hilohilo na una viungo vichache kuliko mkasi. Ubaya wake ni kwamba kitanda kinapopanda kinasogea pia kuelekea kichwani au miguuni, kwa hiyo kinagonga ukuta au kung'oa plagi kisipoachiwa nafasi. Nguzo mbili za wima, moja kichwani na moja miguuni, hazina kasoro hiyo na zinaruhusu kuinamisha kitanda kizima, lakini nguzo inayokunjana ndani ya nguzo inadai usahihi wa vipimo ambao karakana ya kawaida haiuwezi kwa bei ndogo. Kwa karakana yenye mashine ya kukata, ya kutoboa na ya kuchomelea, ningechagua msambamba bila kusita sana.

Halafu kuna swali ambalo linapaswa kuulizwa kabla ya yote: je, ni lazima kishuke hadi chini kabisa? Mwaka 2010 Terry Haines na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa katika wodi 18 za hospitali za umma huko Queensland, Australia, ambako baadhi ya wodi zilipewa kitanda kimoja cha chini sana kwa kila vitanda 12. Maporomoko hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana kitakwimu. Hiyo haimaanishi kwamba kuanguka kutoka juu ni sawa na kuanguka kutoka chini. Inamaanisha kwamba kuvinunua vitanda hivyo na kuvigawa kwa uchache, peke yake, hakukutosha. Kwa mbunifu wa kitanda cha bei nafuu mimi naona tafsiri iko wazi: afadhali kitanda kinachoshuka hadi mgonjwa akanyage sakafu, na kinachoshushwa kweli kila jioni, kuliko kile kinachofika sentimita chache kutoka sakafuni kwa gharama mara mbili.

Hata ukitaka kushuka zaidi, chini ya kitanda kuna wapangaji wengine. Magurudumu yanayovuka vizingiti bila kukwama yana kipenyo cha milimita 125 na kuendelea. Winchi ya kumnyanyulia mgonjwa huingiza miguu yake chini ya fremu, na inahitaji nafasi ya sentimita 15 hivi. Tena huko chini ndiko watu wanakosukumia ndoo, viatu na mitungi ya oksijeni, na kitanda kinachoshuka juu ya mtungi hakiulizi.

Nani atoe nguvu, mkono, mguu au umeme? Mguu una faida kubwa: paja lina nguvu kuliko kiwiko, na mikono ya muuguzi inabaki safi na huru. Pampu ya haidroliki ya pedali hupoteza nguvu kidogo kuliko skrubu inayojizuia. Adui yake ni sili, ile pete inayozuia mafuta ya pampu yasivuje. Sili ikichakaa, kitanda kinazama polepole usiku kucha bila mtu kujua, na mafuta yanadondoka sakafuni mahali pale pale mgonjwa anapotia mguu. Kama sili za ukubwa huo hazipatikani madukani karibu na hospitali, pampu hiyo si ya bei nafuu hata ingegawiwa bure.

Umeme nao unasingiziwa ughali usio wake. Kupandisha kitanda kwa nusu dakika kwa skrubu ya asilimia 30 kunahitaji wati 110 tu, na mota ndogo ya volti 24 inaweza. Pesa zinakwenda kwenye giaboksi, kisanduku cha kudhibiti, swichi za mwisho wa safari, nyaya zisizopitisha maji ya kudekia, na betri ya akiba. Kinachokufa kwanza kwa kawaida ni waya wa kidhibiti cha mkononi, uliobanwa kati ya fremu na kizuizi cha pembeni mara kadhaa hadi ukakatika ndani ya ngozi yake. Kwa hiyo ikiwa utatumia umeme, skrubu iachiwe ncha ya kuingiza hendeli. Kitanda kilichokwama juu kwa sababu umeme umekatika ni hatari kuliko kisichopanda kabisa.

Hapo tunagusa gharama inayokuja baada ya stakabadhi. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walikusanya orodha za vifaa vya tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye rasilimali chache, wakakuta wastani wa asilimia 38 havifanyi kazi. Kitanda hakina kompyuta ngumu ndani yake. Kinaweza kujitoa kwenye kundi hilo ikiwa kila kinachochakaa kinaweza kuchongwa au kununuliwa popote penye fundi. Beringi ziwe za saizi za kawaida. Bolti zote ziwe za saizi mbili, si tisa. Magurudumu yafungwe kwa kishina kinachokubali gurudumu la kampuni yoyote.

Sehemu moja nitaisogelea kidogo, kwa sababu ndiyo inayoua vitanda vingi vya karakana: tundu la pini. Fundi anachukua bomba la mraba lenye unene wa milimita 2, analitoboa, anapitisha bolti, na kiungo kinafanya kazi vizuri. Lakini bolti inaegemea milimita 2 tu za chuma kila upande. Baada ya miezi tundu linakuwa na umbo la yai, mkono unalegea, kitanda kinayumba mgonjwa akigeuka, na meno ya bolti yanazidi kulikwangua tundu kama msumeno. Dawa ni bushi: kipande cha bomba nene kinachopita ndani kutoka upande hadi upande, kikachomelewa pande zote mbili, ndani yake kukiwa na shaba au plastiki ngumu ya kuchakaa badala yake. Pini iwe laini, isiwe na meno mahali inapozunguka. Gharama ni ndogo mno ukilinganisha na kitanda, na maji ya klorini hayapati njia ya kuingia ndani ya bomba na kulitafuna kutoka huko yalikojificha.

Nati ya skrubu nayo ina siri yake. Iwe ya shaba ili ichakae yenyewe badala ya skrubu, na nyuma yake iwekwe nati ya pili ya chuma isiyobeba chochote, ikiachiwa mwanya wa milimita moja au mbili. Nati ya kwanza inavyoliwa, mwanya unapungua. Mwanya ukiisha, ni wakati wa kubadilisha. Na kama hakuna aliyeangalia, nati ya pili inaudaka mzigo.

Mahali ambapo mtu asijaribu kubana matumizi kamwe ni vizuizi vya pembeni. Kati ya 1985 na 2009 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilipokea taarifa 803 za wagonjwa walionaswa kwenye vitanda vyenye vizuizi, na 480 kati yao walikufa. Mwongozo wake wa 2006 unataka nafasi ndani ya kizuizi, chini yake, na kati yake na godoro ziwe pungufu ya milimita 120, kipimo kinachozuia kichwa kuingia, na mahali shingo inapoweza kukabwa mwishoni mwa kizuizi iwe pungufu ya milimita 60. Kupima hakugharimu kitu. Kumbuka tu kupima godoro likiwa limebonyea na kusukumwa upande mmoja, kwa sababu godoro jembamba lililonunuliwa baadaye linaweza kufungua mwanya ambao mbunifu aliufunga. Kama bajeti hairuhusu vizuizi vilivyopimwa vizuri, ni bora kitanda kiuzwe bila vizuizi, kikishushwa chini.

Mfano wa kwanza ukishachomelewa, majaribio mawili ya awali hayahitaji maabara. Pakia kilo 170 za mifuko ya mchanga, pandisha hadi juu, chora alama kwenye fremu, uache hadi kesho. Alama ikishuka, kitu kinateleza au kinavuja. Kisha sogeza mzigo wote ukingoni, mahali mtu anapokaa akivaa viatu, kitanda kikiwa juu kabisa na breki zimefungwa, uone kama gurudumu la upande wa pili linapoteza mguso na sakafu.

La tatu linahitaji wodi. Funga kihesabio kidogo kwenye skrubu, peleka kitanda bila kutoa mafunzo yoyote zaidi ya kuonyesha hendeli iko wapi, na urudi baada ya wiki chache kusoma idadi ya mizunguko. Kama kihesabio hakijasogea, usikimbilie kubandika bango la maelekezo ukutani. Pima kwanza msukumo kwenye hendeli, hesabu mizunguko ya kutoka chini hadi juu, na uangalie kama muuguzi analazimika kupiga magoti ili kuifikia.